Maneno Mawili Chini ya Chungu

Gaston Kitenge,
Panda, Likasi,
Katanga ya Juu.
Tarehe 16 Februari 2025

Mpendwa binti yangu Joëlle,

Barua yako ya Desemba 2023 ilinifikia salama, nami nimeikalia miezi kumi na minne bila kuijibu. Sitaisingizia posta wala ugonjwa. Uliniuliza swali, sikuwa na jibu, na katika miaka thelathini na minane ya ualimu sikumjibu mtu kwa kubahatisha. Lakini mtu asiye na jibu anaweza kuandika kwamba hana jibu. Mwanafunzi ambaye angeniletea udhuru kama huu wangu ningemrudisha mahali pake asimame. Nisamehe.

Kabla ya yote, nijulishe hali yako. Kile kikohozi ulichokitaja kimekuacha? Mumeo je, na kazi yake ya zamu? Watoto wanaendeleaje na masomo, na bado wanasema Kiswahili nyumbani, au umekiacha Kifaransa kiwameze? Nataka jibu la kweli, si la adabu.

Sisi huku tunamshukuru Mungu. Mvua za mwaka huu ni nyingi, na goti langu la kushoto huzitangaza kabla ya redio. Mama yako mdogo Philomène anameza dawa zake za shinikizo la damu kila asubuhi, kwa manung'uniko, lakini anazimeza. Shangazi yako Germaine ametimiza miaka themanini na miwili mwezi uliopita. Macho yake yamepungua, ulimi haujapungua.

Sasa nije kwenye swali lako. Uliandika kwamba katika soko la Jumapili huko Liège uliona chungu cha chuma kilichofanana na kile cha Shangazi Germaine: miguu mitatu, masikio mawili, na chini yake namba 14. Ukakipima mdomo kwa utepe wa mshonaji, ukapata sentimita thelathini kamili. Muuzaji akakufundisha kwamba umri wa vyungu vya chuma cha kumimina, kile ambacho mafundi wa hapa wanakiita fonti, hausomwi tumboni. Husomwa chini. Ukikipindua ukaona kovu refu katikati, pale chuma cha moto kilipoingilia, basi ni cha zamani sana, kwa sababu viwanda vya baadaye viliacha kumiminia hapo. Ndipo ukaniuliza: chetu ni cha mwaka gani, na kilitoka wapi?

Swali la kwanza ni la vipimo. Swali la pili ndilo lililonifunga mdomo.

Najua marehemu baba yako, kaka yangu Casimir, hakukueleza kwa nini hakula chochote kilichopikwa katika chungu kile tangu alipokuwa na miaka kumi na mitatu. Babu yako, mzee Kitenge, alikuwa mtengenezaji wa kalibu za mchanga katika karakana ya kuyeyushia chuma hapa Panda. Katika kambi ya wafanyakazi kila nyumba ilikuwa na sufuria nyepesi za bati au vyungu vya udongo. Sisi tulikuwa na chungu cha Ulaya, cheusi, kizito kama mtoto wa miaka miwili. Watu wakajiuliza kimetoka wapi, na watu wakijiuliza bila kupata jibu hujijibu wenyewe. Walisema baba alikichukua katika jiko la msimamizi wake Mzungu.

Watoto waliimba. Kiongozi wao aliitwa Dodo, mwana wa jirani, na wimbo wake, ambamo chungu kiliitwa nyungu kama tunavyosema kwetu, ulikuwa na maneno matatu tu: "Nyungu ya kuiba! Nyungu ya kuiba!" Alituimbia njiani kwenda shule na njiani kurudi. Jioni alikuja kula kwetu.

Mwaka 1958 Casimir alimwuliza baba mbele yangu. Nilikuwa na miaka kumi. Alisimama wima mlangoni, akasema, "Papa, ile nyungu ni ya nani?" Baba alikuwa akinawa mikono. Hakukasirika. Alisema maneno mawili: "Angalia chini."

Unajua adabu ya kwetu. Mtoto akiambiwa hivyo na mkubwa, huinamisha macho. Casimir aliinamisha macho, nami niliinamisha yangu, ingawa sikuwa nimeuliza kitu. Kisha kaka yangu akatoka nje, na tangu siku ile alikula mihogo ya kuchoma wakati sisi tulipokula maharagwe ya mama. Hakuuliza tena. Baba alifariki mwaka 1971, na Casimir akaenda zake Ubelgiji akiwa na hakika moyoni kwamba baba yake alikuwa mwizi mwenye haya.

Mimi je? Mimi niliwaambia watu wote kwamba chungu kile kilikuwa zawadi ya arusi kutoka kwa yule msimamizi. Hakuna aliyeniambia hivyo. Nilikitunga kisa hicho mwenyewe nikiwa kijana, nikakisema mara nyingi hadi kikanyooka. Nilidanganya kwa sarufi sahihi, binti yangu, na uongo wenye sarufi sahihi huaminiwa haraka.

Mwezi wa Mei mwaka jana alikuja mtu wa Lubumbashi aitwaye Bertin. Zamani alinunua mawe ya wachimbaji huko Kambove; sasa ananunua vitu vya wastaafu: saa za ukutani, cherehani, mashine za kuandikia. Alikuwa amesikia habari za chungu. Tulimkuta Germaine anapika maharagwe ndani yake, na ikabidi tusubiri yaive. Kilipopoa, Bertin alikipiga kwa kifundo cha kidole na kusikiliza. Kililia kama kengele. Akasema chungu chenye ufa hulia kama ubao, hiki ni kizima. Akakipindua, akapapasa masizi, akalipata kovu.

"Papa, hii ni ya zamani kabisa! Mbele ya mwaka elfu moja mia tisa. Angalia hapa, njo walimwangia chuma."

Mimi ningesema 'ndipo', yeye husema 'njo'. Akakwangua masizi kwa ufunguo. Ikatokea namba 14. Akakwangua zaidi, zikatokea herufi zilizotuna juu ya chuma, E, Y, N, I, M, kisha nafasi, kisha A na Y.

"Eynim!" akasema. "Njo jina ya fabriki. Na Ay ni muji, kule Ufaransa."

Nikamwuliza kama aliwahi kusikia habari za kiwanda hicho.

"Papa, minye sisikiaka. Minye nasomaka."

Nikamwonyesha kwamba herufi N imeelekea upande usio wake, na E pia imegeuza mgongo. Akatazama kidogo, akasema bila aibu yoyote kwamba huenda ni maandishi ya Kirusi. Alitaka kukinunua papo hapo. Germaine alimwambia kwamba bado hajamaliza kukitumia, na kwamba akirudi baada ya miaka themanini mingine wataongea.

Alipoondoka sikupata usingizi mzuri kwa wiki nzima. Zingatia hoja. Ikiwa chungu kilitengenezwa Ufaransa kabla ya mwaka 1900, basi kilisafiri na Mzungu hadi hapa. Ikiwa kilisafiri na Mzungu, mtengeneza kalibu wa Panda alikipataje? Bertin alikuwa akikisifu chungu, na kila sifa ilimtia baba yangu hatiani. Barua yako ilikuwa mezani. Niliifunika kwa kamusi. Ilikuwa hofu, si uvivu, na nakuambia hivi ili ujue umesamehe nini.

Mwezi wa Novemba nilijiambia kwamba mtu aliyefundisha watoto kusoma haruhusiwi kuogopa herufi saba. Nilikileta chungu nyumbani kwangu, nikakilaza kifudifudi juu ya makaa ya mbabula, jiko letu la mkaa, mpaka masizi ya miaka yote yakaanza kumomonyoka, kisha nikayakwangua kwa kipande cha mti, si kwa chuma, nisije nikaharibu maandishi. Habari zilimfikia Germaine kabla chungu hakijapoa. Alifika kwa miguu na fimbo yake.

"Weye Gaston! Nasikia unaosha matako ya nyungu ya mama!"

"Ninaisoma, dada."

"Unaisoma! Mama alipika humo miaka makumi mawili, hakuisoma hata siku moja, na ulishiba."

Nilimwahidi kwamba nitakipaka mafuta ya mawese na kukirudisha motoni hadi kiwe cheusi kama mwanzo. Aliketi akanisimamia hadi nilipotimiza ahadi, na akanirudisha mara mbili kwa kuwa nilikuwa nimepaka mafuta mengi. Chungu kikipakwa mafuta mengi hunata. Hilo nimelijua nikiwa na miaka sabini na sita.

Kesho yake ilikuwa Jumamosi, jua limetoka baada ya mvua ya siku tatu. Niliamua kukupelekea nakala ya maandishi ili umwonyeshe muuzaji wako wa Liège. Nikatandaza karatasi nyembamba juu ya kitako cha chungu, nikasugua penseli juu yake kwa ubavu, na herufi zikatokea moja baada ya nyingine, nyeusi, safi. Niliiinua karatasi kwenye mwanga wa dirisha ili nihakikishe kwamba hakuna iliyokosekana. Philomène alikuwa ameketi nje, upande wa pili wa dirisha hilo, akimenya karanga.

"Papa Fidèle," akaniita. Fidèle, unakumbuka, ni mwana wetu wa kwanza, yule wa Kolwezi. "Leo na weye unaandika 'ya minye'?"

"Sijaandika kitu. Nimenakili jina la kiwanda."

"Kiwanda gani? Imeandikwa 'ya minye'. Macho yangu iko muzima."

"Unaisoma kwa nyuma, mama."

"Basi geuza, mwalimu. Weye njo unaisoma kwa nyuma."

Akaanza kucheka. Nimemsahihisha mke wangu neno hilo kwa miaka arobaini na tisa ya ndoa. Ana haki ya kucheka. Niligeuza karatasi. Y na A, I na M hazina mbele wala nyuma, ndiyo maana zilitudanganya. N ikakaa sawa. E ikakaa sawa. Ikasomeka:

YA MINYE

Unanifahamu. Nimekata maksi kwa neno hilo tangu mwaka 1970. Si "minye", ni "mimi". Wala si "ya mimi", ni "yangu". Na kwa kuwa chungu ni cha ngeli ya ki-vi, ni "changu". Makosa matatu katika maneno mawili. Mwanafunzi angepata sufuri, na angeandika sahihisho mara hamsini. Niliketi na karatasi ile magotini. Philomène aliacha kucheka alipouona uso wangu.

Hakuna kiwanda cha Ulaya kinachoweza kukosea namna hiyo. Kosa hilo ni letu. Ni la Panda, ni la Kikula, ni la kila nyumba kutoka hapa hadi Lubumbashi. Nililipiga vita maisha yangu yote, nalo lilikuwa limekaa chini ya chungu cha mama likinisubiri.

Na hapo, Joëlle, ndipo nilipoisikia tena sauti ya baba akinawa mikono. Angalia chini. Hakuwa akimwambia Casimir ainamishe macho. Alikuwa akimjibu. Swali lilikuwa "ni ya nani", na jibu lilikuwa limeandikwa chini ya chungu. Sisi wawili tulitii amri ambayo hakuitoa.

Hata hivyo sikuandika barua siku ile. Maneno mawili si ushahidi. Mwizi naye anaweza kuandika kwamba kitu ni chake. Nilitaka kujua yaliandikwaje. Kwa hiyo nilikodi pikipiki hadi Kikula, chungu nimekipakata magotini na watu wakinicheka njia nzima, kwenda kwa mzee Samy. Ana miaka themanini na saba. Aliingia karakana mwaka 1956, na aliyemfundisha kutengeneza kalibu alikuwa babu yako.

Samy hakuhitaji miwani. Alifumba macho akapitisha kidole gumba juu ya herufi. "Hii ni ya musumari mu muchanga," akasema. Kisha akanieleza, nami nakueleza wewe kama nilivyoelewa. Fundi hupata chungu kilichokwisha kutengenezwa, hukizika kifudifudi katika mchanga wenye unyevu na kuushindilia, kisha hukitoa kwa uangalifu, na mchanga hubaki na umbo lake. Chochote kilichotuna juu ya chungu cha kwanza, kama ile namba 14, hujichapa chenyewe na kutokea sawasawa katika chungu cha pili. Lakini ukitaka kuongeza neno lako unalichora kwa mkono ndani ya mchanga, na ukilichora kama unavyoandika daftarini, chuma kitalitoa limegeuka. Ndiyo maana namba imekaa sawa na maneno yamekaa kinyume. Namba ni ya Ulaya. Maneno ni ya baba.

Nikamwuliza kama mtu hawezi kuyaongeza baadaye, juu ya chungu alichokichukua mahali. Alinitazama kama nilivyokuwa nikiwatazama wanafunzi wavivu.

"Gaston, ukichonga chuma, maandishi inaingia ndani. Haitoke inje. Hii imetoka inje. Ilizaliwa nayo."

"Na kovu? Mnunuzi anasema kovu ni la kabla ya mwaka 1900."

"Mununuzi wako alishamwanga fonti siku gani? Sisi tulimwangiaka pale mpaka minye naenda pansio, naacha kazi. Kovu haisemake mwaka. Inasema tu mulango wa chuma."

Nilitoa barua yako mfukoni na rula yangu ya shule. Kile cha Liège, sentimita thelathini. Chetu, sentimita ishirini na tisa na milimita saba. Nilikipima mara nne. Samy akacheka kwa meno aliyobakiwa nayo. Chuma kikipoa husinyaa, akasema. Mtoto wa kalibu hawi mkubwa kama mzazi wake. Sidai kwamba kile ulichokiona ndicho kilichokizaa chetu. Nasema ni cha ukoo uleule, na kwamba chetu ni nakala. Kilichoibwa kingekuwa na sentimita thelathini.

Habari yenyewe Samy aliisikia kinywani mwa babu yako, kwa sababu alikuwa akiitumia kuwafundisha vijana. Wakati wa vita vya pili vya dunia vyombo vya Ulaya viliadimika. Mama Albertine, bibi yako, alikuwa bibi arusi na hakuwa na chungu cha kutosha wageni. Baba akamwomba msimamizi wake amwazime chungu cha nyumbani kwake, Jumamosi, akakirudisha Jumatatu kikiwa safi. Chuma kilikuwa kile cha mwisho, kinachobaki baada ya kazi kumiminwa. Msimamizi aliruhusu kwa mdomo, si kwa karatasi, na alimwomba asimtaje, kwani wakubwa wake wangemwadhibu. Baba aliahidi kunyamaza. Yule Mzungu aliondoka mwaka 1946, na baba aliendelea kunyamaza. Ahadi ilikuwa imekwishiwa na sababu, lakini haikuwa imekwisha kuwa ahadi.

Na Samy akaniigizia sauti yake, ile sauti nzito ambayo wewe hukupata kuisikia: "Batoto, mukiandika mu muchanga, mujue chuma inasomaka kwa nyuma. Minye nilikosa mara moja. Kosa yangu iko mu jikoni, muke yangu anapikia."

Sasa nikujibu swali lako la kwanza, rasmi. Kitabu cha kazi cha baba kinaonyesha kwamba aliingia karakana Oktoba 1940. Germaine alibatizwa Pasaka ya mwaka 1943, na mama alitusimulia mara nyingi kwamba karamu ya ubatizo ilipikwa katika nyungu hii. Kwa hiyo kilimiminwa kati ya tarehe hizo mbili, Panda, wakati mji huu ulipoitwa Jadotville. Kina umri usiopungua miaka themanini na mmoja na usiozidi themanini na minne. Mtengenezaji: Kitenge. Hilo ndilo jibu, na liko juu ya karatasi yenye jina langu.

Nilimpelekea Germaine habari hiyo nikiwa nimevaa koti. Alikuwa akichambua mchele. "Minye nilijua," akasema. "Mama aliniambiaka: hii nyungu ni yetu, papa aliizaa."

"Kwa nini hukusema, dada, miaka yote hii?"

"Nani aliniuliza? Mulikuwa munaulizana banaume kwa banaume."

Nilivua koti, nikamsaidia kuchambua mchele.

Kwa Dodo nilikwenda mwenyewe. Ni mzee kama mimi sasa, anakaa nyuma ya kanisa, mguu mmoja hausikii. Niliweka chungu juu ya meza yake, kifudifudi, na kioo kidogo cha kunyolea pembeni ili asome ndani ya kioo. Alisoma polepole, kwa midomo. Nilimweleza ya mchanga, na namba, na milimita tatu. Mwishoni akasema, "Gaston, tulikosa. Na minye nilikula mu hii nyungu kila siku." Kisha, kwa kuwa Dodo ni Dodo, "Mama yako alijua nini naimba, na aliongezaka nyama." Jumapili iliyofuata, baada ya misa, aliwaita wazee wanne wa kambi ya zamani na kuwasimulia mwenyewe, mimi nikiwa nimesimama kando. Sikuongeza neno. Nilitamani Casimir awepo. Nilitamani sana.

Bertin alirudi Januari. Nilimsomea YA MINYE katika kioo.

"Ah, papa! Basi ni kopi."

"Ndiyo, ni nakala."

"Kopi haiuzikake."

"Basi tumeelewana," nikamwambia, na Philomène akamletea chai.

Mwanzoni nilijiuliza kama ningemwambia mtu neno lililo sahihi ambalo baba angepaswa kuandika. Nimefikiri zaidi. Kama alikuwa na neno "nyungu" akilini, basi "ya" inakubaliana na nomino. Maksi moja nampa. Zile mbili nyingine nimeziacha.

Sasa jambo linalokuhusu. Germaine anasema mikono yake haiwezi tena kukiinua, na anataka kukikabidhi angali hai, kwa mwanamke wa ukoo, kama mama alivyomkabidhi yeye. Zamani hakuna aliyekitaka. Sasa wawili wanatajwa. Orpha, binti wa Fidèle, ataolewa Agosti, naye amekwisha kuleta kitambaa cha kukifungia. Wewe ni mjukuu wa kwanza, binti wa yule aliyekikataa. Shangazi ameniagiza nikuulize swali moja, na nilinakili kwa maneno yake: "Muulize Joëlle, atapikia humo, ao atakiweka juu ya kabati bazungu baangalie?" Anasema chungu cha kutazamwa ni maiti. Mimi sina kura. Nimeambiwa kazi yangu ni kuandika. Lakini nitakuambia hili: ningependa mara moja chakula kipikwe humo na kuliwa na mtoto wa Casimir, popote patakapokuwa.

Mjibu Shangazi mapema, usinifuate mimi kwa ucheleweshaji.

Ndani ya bahasha hii nimeweka ile karatasi ya penseli. Usiisome kwa mbele. Iinue kwenye dirisha, simama nyuma yake, uisome kama Philomène alivyoisoma. Kisha nenda nayo kaburini kwa baba yako. Huna haja ya kusema mengi. Mwambie tu: hakukuambia uinamishe macho.

Msalimie mumeo kwa heshima. Wabusu watoto. Philomène anakusalimu na anakuwekea karanga, ingawa hajui zitakufikiaje. Orpha anakusalimu bila kinyongo. Mzee Samy, ambaye hamjaonana, anakusalimu kwa jina la babu yako. Mungu aliyekulinda mbali nasi aendelee kukulinda, na akuonyeshe tena njia ya Panda kabla hatujapungua.

Germaine atatamka uamuzi wake Jumatatu ya Pasaka, mbele ya familia yote. Siku hiyohiyo nitaketi nikuandikie, chungu kiwe chako au cha Orpha. Safari hii hutangoja miezi kumi na minne. Na katika barua hiyo, nitakapofika mahali pa kuandika ni ya nani, nitaandika 'ya', si 'cha', kama alivyoandika baba. Usinisahihishe.

Ni mimi baba yako mdogo, ninayekupenda na kungoja jibu lako,

Gaston Kitenge